Risasi ya Saba: Historia ya Kukwama na Kurekebishwa kwa Bunduki ya Nusu-Otomatiki

Bunduki ya nusu-otomatiki ni silaha ambayo kila kifyatulio, au triga kama askari wengi wanavyoiita, kinapovutwa hutoka risasi moja tu, kisha bunduki yenyewe, kwa nguvu ya mlipuko ule ule, hulitupa nje ganda tupu, hujikoki na kuingiza risasi nyingine chemba bila mkono wa mtu kuigusa. Kwa sifa hiyo hutofautiana na bunduki ya kukoki kwa mkono, mfano wa Lee-Enfield waliyoibeba askari wa King's African Rifles na ambayo nchini Kenya bado inajulikana kwa jina la Mark 4, na hutofautiana vilevile na rashasha, ambayo huendelea kumwaga risasi maadamu triga imeshikiliwa. Nchini Tanzania aina iliyoenea zaidi huitwa kwa herufi tatu, SAR, na karibu kila aliyepitia mafunzo ya mgambo au ya Jeshi la Kujenga Taifa anaijua. Historia ya silaha hii huandikwa mara nyingi kama historia ya wavumbuzi na vita, lakini inaweza kuandikwa kwa haki zaidi kama historia ya hitilafu, kwa kuwa takriban kila sehemu iliyomo ndani yake leo iliwekwa au iliondolewa kwa sababu ya bunduki fulani iliyokwama mikononi mwa kurutu, na swali kubwa lililowagawa mafundi kwa zaidi ya nusu karne lilikuwa kama kurutu huyo apewe uwezo wa kuirekebisha mwenyewe au anyimwe kabisa.

Ili kuelewa kwa nini hitilafu zilikuwa nyingi, yafaa kwanza kuelewa kazi yenyewe. Kati ya risasi moja na inayofuata, bunduki hufungua chemba, huling'oa ganda lililovimba kwa joto, hulirusha kando, huirudisha nyundo ikakaa tayari, huichukua risasi mpya kutoka magazini, huisukuma chemba na kufunga tena, na yote hayo hutendeka chini ya sekunde moja. Kinachobeba mzigo mkubwa wa kazi hiyo ni boliti, yaani kipande cha chuma kinachoziba chemba kwa nyuma na kwenda mbele na nyuma. Nguvu ya kuisukuma hutoka kwenye baruti, na nguvu hiyo ikipungua, boliti hurudi nusu njia, ganda hubanwa mlangoni au risasi mpya haiokotwi. Ikizidi, boliti hugonga kwa kishindo, maganda hurushwa mbali kupita kiasi, na vyuma huchakaa kabla ya wakati wake. Bunduki ya kukoki kwa mkono haina taabu hiyo kwa sababu mkono wa askari hujua wenyewe kuongeza nguvu pale chuma kinapogoma.

Maadamu majeshi yalitumia baruti nyeusi, wazo la bunduki inayojijaza halikuweza kwenda mbali, kwani zaidi ya nusu ya uzito wa baruti hiyo hubaki kuwa moshi na masizi, na masizi hayo yangeifunga mitambo midogo baada ya milio michache. Hiram Maxim alifanikiwa katika miaka ya 1880 kutengeneza bombomu lililojiendesha kwa nguvu ya kurudi nyuma, lakini lile lilikuwa zito na lilikaa juu ya miguu ya chuma. Mlango ulifunguka pale Paul Vieille wa Ufaransa alipovumbua baruti isiyo na moshi mwaka 1884, ambayo Wafaransa waliiweka katika bunduki yao ya Lebel mwaka 1886. Mabadiliko hayo hayakuufikia kila upande wa dunia kwa kasi moja: katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871, ambazo kila zilipolia zilitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha.

Wakati huo Mexico ilikwisha kuwa na bunduki ya nusu-otomatiki. Jenerali Manuel Mondragón alibuni silaha iliyochukua sehemu ya gesi kutoka ndani ya mtutu kupitia tundu dogo na kuitumia kusukuma pistoni, nayo pistoni ikafungua boliti. Jeshi la Mexico liliipokea mwaka 1908, na kwa kuwa nchi hiyo haikuwa na kiwanda cha kazi laini kiasi hicho, ilitengenezwa na kampuni ya SIG huko Neuhausen, Uswisi. Mondragón alikuwa mtu wa tahadhari, kwani aliweka kifaa cha kutenganisha mtambo wa gesi na boliti, hivi kwamba mambo yakiharibika askari aliweza kuendelea kukoki kwa mkono kama zamani. Kwa maneno mengine, bunduki ya kwanza ya aina hii kupokewa na jeshi ilizaliwa ikiwa na kukiri ndani yake kwamba itakwama. Ujerumani ilinunua sehemu ya shehena ambayo Mexico haikuichukua, ikajaribu kuzitumia katika mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na tope likazishinda. Ziliishia kwa marubani na wenzao wa angani, mahali pasipo na tope. Wafaransa nao walitengeneza zaidi ya 80,000 za aina yao ya mwaka 1917, lakini walilazimika kutumia risasi ya Lebel yenye ukingo mpana wa nyuma na umbo la kuchongoka, risasi iliyofaa bunduki za zamani na kuwa mkosi katika magazini.

Hadithi iliyo na mafunzo mengi zaidi ni ya John Garand, aliyezaliwa mwaka 1888 Saint-Rémi, katika jimbo la Quebec nchini Canada, na kuajiriwa mwaka 1919 katika karakana ya serikali ya Marekani iitwayo Springfield Armory, jimboni Massachusetts. Bunduki zake za mwanzo hazikutumia gesi ya mtutu bali fataki, yaani kile kikombe kidogo kilichoko kwenye kitako cha risasi kinachowaka kinapogongwa na pini: fataki iliachiwa irudi nyuma kidogo na msukumo huo ndio ulioanzisha kazi yote. Jeshi lilipobadilisha baruti na kuanza kuzikaza fataki zisichomoke, mfumo mzima ulipoteza maana, naye Garand akaanza upya. Mshindani wake, John Pedersen, alikuwa na bunduki nzuri ya risasi ndogo zaidi, lakini yake ilihitaji maganda yapakwe nta ili yatoke chemba bila kugoma, sharti ambalo jeshi lenye mamilioni ya risasi ghalani haliwezi kulipenda. Mwaka 1932 Douglas MacArthur, aliyekuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu, aliamua kwamba risasi ya zamani ibaki, na mwaka 1936 bunduki ya Garand ikapokewa rasmi kwa jina la M1.

M1 ilibeba risasi 8 zilizofungwa pamoja katika klipu ya bati, ambayo askari aliisukuma nzima ndani ya bunduki kutoka juu, na ambayo ilirushwa nje yenyewe risasi ya mwisho ilipokwisha. Mfumo wa gesi wa bunduki takriban 50,000 za mwanzo haukuwa na tundu katika mtutu. Gesi ilinaswa mdomoni mwa mtutu, ndani ya kofia maalumu, baada ya kichwa cha risasi kutoka. Wazo hilo lilitokana na hofu ya kuutoboa mtutu, lakini kofia ilijaa masizi, ililegea, na kwa kuwa kilengeo cha mbele kilikuwa juu yake, kila ilipolegea shabaha ilihama pamoja nayo, na askari aliyekuwa mlengaji mzuri wiki iliyopita akajikuta hapigi kitu. Kati ya mwaka 1939 na 1940 kofia iliondolewa, mtutu ukatobolewa, na hitilafu hiyo ikaisha. Wajerumani hawakulipata somo hilo, au walilipata kwa kuchelewa: bunduki zao mbili za mwaka 1941 zilikatazwa kuwa na tundu katika mtutu, zote mbili zikakumbwa na masizi yale yale, na mwaka 1943 ndipo walipotoa Gewehr 43, ambayo mtambo wake wa gesi uliigwa kutoka kwa bunduki za Kisovieti zilizotekwa vitani.

Hitilafu iliyowaumiza kichwa zaidi watu wa Springfield ilikuwa ya namna nyingine. Katika miezi ya mwanzo ya uzalishaji mkubwa, M1 zilianza kukwama kwenye risasi ya saba. Sita za kwanza zilitoka vizuri, ya saba ikaruka kutoka kwenye mstari wake na kubanwa, na ndipo askari alipolazimika kuacha kulenga na kuichokoa kwa vidole. Kilichoshangaza ni kwamba bunduki za majaribio, zilizochongwa moja moja na mafundi wa karakana ya mifano, hazikuwa na tabia hiyo kabisa. Walipolinganisha vyuma vya pande zote mbili waligundua kwamba ndani ya fremu palikuwa na ubavu mdogo ulioiongoza klipu na risasi zake, na waliotengeneza zana za kiwandani, bila kujua kazi ya ncha fulani ya ubavu huo, waliiondoa ili kurahisisha uchongaji. Zana zilirekebishwa, na fremu zilizokwisha kutengenezwa zikaongezwa chuma kwa kulehemu. Tukio hilo linastahili kukumbukwa kwa sababu linaonyesha jambo ambalo anayeanza kuijua bunduki hulisahau upesi: hitilafu inayotokea kila mara mahali pale pale, kwa risasi ile ile, si bahati mbaya na haiponywi kwa mafuta, bali chanzo chake kimo katika chuma, na chuma hurekebishwa na fundi.

Hitilafu nyingine za M1 zilikuwa za mtumiaji au za hali ya hewa. Kurutu aliyesukuma klipu kwa kidole gumba bila kuizuia boliti kwa kiganja alibanwa kidole boliti iliporuka mbele, na maumivu hayo yalikuwa maarufu kiasi cha kupewa jina lake katika lugha ya askari. Mvua kubwa ya muda mrefu iliosha mafuta kutoka kwenye kijinundu cha boliti kinachoteleza ndani ya njia yake, chuma kikasuguana na chuma hadi boliti ikagoma kufunguka; jibu lililopatikana halikuwa uvumbuzi wowote mkubwa, bali grisi nzito badala ya mafuta mepesi, na kikopo kidogo cha grisi hiyo kilichowekwa ndani ya kitako cha bunduki. Zaidi ya bunduki milioni 5 za Garand zilitengenezwa hadi miaka ya 1950, na mwenyewe, akiwa mtumishi wa serikali, hakupata malipo ya hataza. Pendekezo la kumpa dola 100,000 lilifikishwa katika Bunge la Marekani na halikupita.

Upande wa Umoja wa Kisovieti swali la marekebisho lilijibiwa kinyume. Fedor Tokarev, ambaye bunduki yake ya mwaka 1938 ilipigana katika vita vya baridi kali dhidi ya Finland na kisha kurekebishwa kuwa SVT-40, aliweka karibu na mdomo wa mtutu regulata, yaani kifaa cha kupima kiasi cha gesi kinachoingia kwenye pistoni, kikiwa na nafasi tano zilizotofautiana kwa upana wa tundu. Mantiki yake haina dosari. Katika baridi mafuta huganda na boliti huhitaji gesi nyingi. Katika joto, na bunduki ikiwa safi, gesi kidogo inatosha. Masizi yakiongezeka, tundu lipanuliwe kwa nafasi moja. Askari alipewa ufunguo maalumu wa kuligeuza. Ila mantiki hiyo ilimtaka askari ajue dalili na aweze kuzisoma: ganda lililobanwa mlangoni likimwambia kwamba gesi ni ndogo, au chemba imechafuka, au mafuta yameganda, na ganda lililochanika ukingo likimwambia kwamba gesi imezidi. Askari wa majini, waliokuwa na mafunzo marefu na mazoea ya mashine, waliisifu SVT-40. Wakulima walioitwa jeshini mwaka 1941 na kupelekwa mstari wa mbele baada ya wiki chache waliilaani, wengi wakageuza regulata hadi mwisho na kuiacha hapo, na viwanda vikarudi kutengeneza Mosin-Nagant ya kukoki kwa mkono, ambayo haikuwa na kitu cha kugeuza. Si haki kusema kwamba SVT-40 ilikuwa bunduki mbaya. Ilikuwa bunduki ya jeshi ambalo Umoja wa Kisovieti ulitamani kuwa nalo, na jeshi lililokuwapo lilikuwa jingine.

Sergei Simonov, mshindani wa Tokarev, alilielewa hilo. Karabini yake, inayojulikana kwa kifupi cha SKS, ilijaribiwa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia na kupokewa rasmi mwaka 1949, ikitumia risasi fupi ya milimita 7.62 iliyobuniwa mwaka 1943, yenye nguvu ndogo kuliko risasi kamili za bunduki na hivyo isiyouchosha mtambo. Magazini yake ya risasi 10 haichomoki, haiwezi kupotea wala kupondwa mdomo kirahisi, na hujazwa kwa klipu kutoka juu. Regulata haimo. Simonov alichagua kiasi cha gesi kilichozidi mahitaji ya kawaida, ili bunduki chafu, yenye baridi au iliyokosa mafuta iendelee kufanya kazi, akakubali kwamba iliyo safi itarusha maganda mbali na kugonga kwa nguvu kidogo. Huo ndio uamuzi uliomaliza mjadala kwa upande mmoja: kurutu alinyang'anywa regulata, na badala yake akapewa mrija wa vifaa vya kusafishia uliofichwa kitakoni nyuma ya kifuniko cha springi.

China ilianza kutengeneza karabini hiyo mwaka 1956 kwa msaada wa Kisovieti, ikaiita Aina ya 56, na ndiyo hiyo iliyofika Tanzania na kuitwa SAR. Baada ya maasi ya Januari 1964 katika kambi ya Colito, iliyokuja kuitwa Lugalo, jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza lilivunjwa, Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huo, na wakufunzi pamoja na silaha za China zikaanza kuingia. Wapigania uhuru wa FRELIMO, waliofunzwa Kongwa na Nachingwea, waliibeba karabini hiyo kuvuka Ruvuma. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipohimiza ulinzi wa umma na mgambo kuanza kufundishwa vijijini na viwandani, silaha rahisi namna hii ilifaa kuliko nyingine yoyote, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wakulima, makarani na wafanyakazi wa bandari waliopata saa chache tu za mafunzo kila wiki.

Hitilafu za SAR zinazomkabili anayeanza ni chache na zina mpangilio. Ya kwanza ni ya kujaza: klipu iliyopinda, au risasi zilizopandiana vibaya, huifanya boliti ipite juu bila kuokota kitu. Ya pili ni ya ganda kugoma kutoka, ambayo mara nyingi chanzo chake ni chemba yenye uchafu au kutu. Ya tatu ni boliti kurudi nusu njia, na hapo wa kushukiwa ni bomba la gesi na pistoni yake. Risasi nyingi za zamani za Kisovieti na za China zilikuwa na fataki iliyoacha chumvi ndani ya mtutu na bomba la gesi, na chumvi hiyo hufyonza unyevu wa hewa. Katika pwani ya Dar es Salaam au Tanga bunduki iliyotumika asubuhi na kuwekwa ghalani bila kusafishwa inaweza kuanza kushika kutu kabla ya siku ya pili. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Huondolewa na maji, ambayo humshangaza kurutu aliyefundishwa kwamba maji ni adui wa chuma, kisha bunduki hukaushwa na ndipo hupakwa mafuta.

Ya nne ni ya hatari, na ndiyo inayofaa kuelezwa kwa karibu. Pini inayogonga fataki katika karabini nyingi za aina hii haina springi ya kuirudisha, bali huelea ndani ya boliti. Grisi nzito ya ghalani ikigandamana ndani, au kutu ikiishika, pini inaweza kubaki imejitokeza mbele, na boliti inapofunga kwa kasi risasi hulipuka bila triga kuguswa, pengine zaidi ya mara moja mfululizo. Uchunguzi wake hauhitaji kifaa. Bunduki ikiwa tupu na boliti ikiwa imetolewa na kusafishwa, hutikiswa karibu na sikio, na pini iliyo huru husikika ikicheza ndani kwa mlio mdogo wa chuma; boliti isiyolia hairudishwi ndani ya bunduki, hupelekwa kwa fundi wa silaha.

Marekebisho aliyoachiwa mtumiaji ni ya shabaha tu, na hata hapo chini ya usimamizi wa mkufunzi. Kwa desturi ya Kisovieti, iliyofuatwa pia na waliojifunza kwao, hupigwa risasi 4 kwa umbali wa mita 100, na mahali zilipokusanyika ndipo hupimwa, kwani risasi moja haithibitishi kitu. Kilengeo cha mbele hupandishwa na kushushwa kwa kukizungusha, na husukumwa kando kwa kifaa chake. Kwa urefu ulio kati ya vilengeo viwili vya karabini hii, milimita 1 ya kusogeza huhamisha shabaha kwa sentimita 20 hivi katika umbali huo. Kinachowakosesha wengi ni kwamba kilengeo cha mbele hufuata kosa badala ya kulikimbia: risasi zikienda juu, hupandishwa, zikienda kushoto, husogezwa kushoto. Sababu yake huonekana mara mtu anapofikiri kwamba jicho likikifuata kilengeo kilichopandishwa, mtutu ndio unaoshuka. Asiyeielewa sababu hiyo hukariri kanuni, huisahau uwanjani, na huzidisha kosa mara mbili.

Nchi nyingine za eneo hili zilirithi jibu la Kibelgiji. Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN kilichoko Herstal alibuni kwanza bunduki ya mwaka 1949, ambayo ilifika hadi Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, kisha FAL, ambayo Waingereza waliipokea mwaka 1954 katika sura ya nusu-otomatiki peke yake, na ambayo majeshi ya Kenya na Uganda yaliijua baada ya uhuru. FAL iliirudisha regulata mikononi mwa askari, safari hii kwa utaratibu ulioandikwa na kukaririwa. Risasi moja huwekwa katika magazini, gesi ikiachwa kwanza ivuje kwa wingi, bunduki hupigwa, na boliti isipobaki wazi nyuma kama inavyotakiwa magazini inapokuwa tupu, regulata hufungwa nafasi moja na jaribio hurudiwa. Inapoanza kubaki wazi kila mara, huongezwa nafasi kidogo kama akiba dhidi ya uchafu. Utaratibu huo ulifaulu pale uliposhindwa wa Tokarev, kwa kuwa haukumtaka kurutu asome dalili, ulimtaka ahesabu. Hata hivyo bunduki hiyo ilikuwa na mtego mmoja: kizibo cha gesi kilicho juu ya mtutu kinaweza kugeuzwa ili kufunga gesi kabisa wakati wa kurusha bomu la bunduki, na askari aliyekirudisha kimegeuka baada ya kusafisha aliripoti kwamba bunduki yake imekufa, kumbe ilikuwa nzima na imegeuka kuwa ya kukoki kwa mkono. Mchanga wa jangwani nao uliwalazimisha Waingereza kuchonga mifereji kwenye kibebeo cha boliti ili mchanga upate pa kwenda.

Kenya baadaye iliipokea G3 ya Kijerumani, ambayo ndiyo raia wengi wa nchi hiyo wameizoea kuiona mabegani mwa polisi. Hiyo huweza kupiga risasi moja moja au mfululizo, na gesi haiitumii kabisa kwa pistoni. Boliti yake hucheleweshwa kufunguka na magurudumu mawili madogo ya chuma, na chemba imechongwa mifereji myembamba inayopitisha gesi kando ya ganda ili lisigande, ndiyo maana maganda ya G3 huanguka yakiwa na mistari myeusi ubavuni. Askari hana cha kugeuza. Uchakavu wake husomwa na fundi, ambaye hupitisha bati jembamba la kupimia katika upenyo ulio kati ya kichwa cha boliti na kibebeo chake, na upenyo ukipungua mno hubadilisha magurudumu kwa mengine yenye unene tofauti.

Kwa hiyo safari iliyoanza kwa Mondragón kumpa askari njia ya kuukata mtambo imeishia, kwa SAR na kwa G3, pale ambapo marekebisho ya ndani yamehamishiwa karakana. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa majeshi ya wananchi, ijapokuwa una gharama yake, kwani kizazi kilicholelewa na bunduki isiyohitaji kurekebishwa hudhani kwa urahisi kwamba haihitaji kuchunguzwa. Kwa raia, sheria nayo imeelekea huko huko: nchini Tanzania umiliki wa silaha unatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mmiliki ambaye silaha yake imekwama zaidi ya kiasi ambacho usafi unaweza kuponya hana la kufanya isipokuwa kuitoa risasi zote, kuielekeza mtutu mahali pasipo na mtu, na kuipeleka kwa fundi mwenye kibali.